Bi Komeo wa Zinduna

Watu wa leo wakisikia kuwa wanawake wa Mji wa Kale walicheza mpira kabla ya vita vya Wajarumani, hucheka. Nao wacheke. Bi Tumu binti Jamaldin alicheza, tena ndani ya ua, mabuibui yametundikwa ukutani.

Mpira waliuona dirishani, makarani wa reli wakiucheza kiwanjani karibu na Ngome. Wakajifungia mpira wa kwao kwa matambara na kamba za makumbi ya nazi. Lango wakaliita mlango, na kwa kuwa mlango wa watu hauingiwi hivi hivi, wakaweka sharti: mpigaji abishe hodi kwanza. Mlinzi akiitika "karibu", kafungua mwenyewe, na bao lahesabiwa hata akiudaka mpira.

Sharti hilo ndilo lililomwaibisha Bi Tumu, aliyekuwa mlinzi, mwaka wa kwanza. Mamake alimlea kwamba hodi haiachwi ikaning'inia. Marijani, chama cha Kibokoni, walibisha mara tatu, naye akaitika mara tatu, "Karibu!", mpira umo mikononi. Ua mzima ulivunjika mbavu.

Mwaka wa pili Marijani wakaja na neno zito: atakayeshindwa aache jina lake, aingie chama cha mwenziwe. Chama cha Zinduna alikianzisha Bi Tumu mwenyewe, na humo binti wa sharifu na mjukuu wa mtumwa waliitwa kwa jina moja. Jina hilo life kwa ulimi wake? Siku saba alimweka bintiye Hafswa nje abishe hodi, yeye ndani kimya. Majirani waliokuja kuomba moto wakarudi wamenuna.

Siku yenyewe Zinduna walitangulia kwa bao moja. Mchezo ukiwa karibu kwisha, Saadia wa Marijani, mwanamke mwenye ulimi wa asali, akauweka mpira mbele ya mlango.

"Hodi!"

Bi Tumu akatanua mikono mlangoni.

"Hodi, dada Tumu!"

"Uma leso, shoga!" wenziwe wa Zinduna wakampigia kelele Bi Tumu. "Funga kanwa!"

Bi Tumu akaiuma leso. Saadia akalegeza sauti, kama mgeni wa kweli aliyechoka njiani. "Hodi, wenyewe. Mgeni yuwaungua na jua."

Neno likampanda Bi Tumu mpaka kooni. Akalimeza na mate. Mpira ukaja, ukamgonga kifuani, akaukumbatia kama mtoto mchanga. Vigelegele vikatoka hata kwenye madirisha ya jirani.

"Huna adabu wewe!" Saadia akafoka. "Mgeni abisha, wewe wamtumbulia mato tu!"

Bi Tumu akaitoa leso kinywani. "Adabu zangu ziko nyumbani, mwanangu. Hapa mimi ni komeo."

Jina likamganda papo hapo. Marijani wakawa Zinduna, Saadia naye akiwemo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Bi Komeo, kwa heshima, mbele ya watu.