Gari ya chuma ya komanda, na mie ndani

Mbele muniulize habari, mutegue hii kwanza.

Niko na milango ya chuma na madirisha sawa macho ya panya. Nilijengwa kwa kuponesha mutu. Lakini asubuhi moja mwenye kunijenga alitetemeka kuona bibi yake anaingia ndani yangu. Mimi ni nini?

Wengine mutasema jela. Wengine mutasema sanduku ya maiti.

Hapana, bajukuu bangu. Ni gari. Na ule bibi ni mie.

Naitwa Kyakimwa, batu bananiita Mama Solange. Nilisoma primaire tu, kiisha nikajifunza kushona. Bwana yangu Gérard, yeye ni ingénieur. Tulikuwa na atelier hapa Butembo, na hatukukuwa tunarekebisha magari ya kila mutu. Tulikuwa tunajenga gari zenye hauwezi kukuta fasi ingine: ambulance ya dispensaire, corbillard ya paroisse ya kubeba maiti, kamiyo ya kubeba ng'ombe.

Gérard anakata chassis, anairefusha. Mie nakata gabari, mufano wa kila kipande, ku karton, sawa vile mushonaji anakata mufano wa nguo. Kasika, soudeur wetu mwenye kuunga chuma, anafuata karton yangu, anakata tole, ile bamba ya chuma.

Corbillard ile, mulango yake ilikuwa inafunga polepole, bila kelele. Nilijivuna, niseme nini.

Tulikuwa na desturi moja. Gari mupya haitoke ku atelier kabla fundi apandishe mutu wake mwenyewe ndani, aishushe ku mutelemuko mpaka ku kilalo, daraja ya muto Kimemi. Mutu wake njo mie. Ku corbillard nililala kule nyuma, mikono ku kifua. Bamama ba soko bakapiga kelele:

"Mama Solange, unajaribu kufa?"

"Najaribu kitanda! Kila mutu atailalia, muache miye nianze!"

Tulicheka siku ile. Na baclients balitupendea ile desturi. Balisema kwa Gérard hapana uongo.

Kiisha vita ikatuingilia ndani ya nyumba.

Mwaka 2001, basoda, baaskari ba ile vita, balikamata Maliro, ndugu mudogo wa Gérard, abebe masanduku yabo mu pori. Hatukumuona tena. Gérard hakulia. Hata jina ya Maliro hakuitaja tena. Kasika naye, balichoma nyumba ya mama yake kule upande wa Vuhovi. Yeye aliongea kila siku, kila saa, mpaka tulichoka kumusikia.

Siku moja, komanda wa bale basoda akaingia ku atelier na jeep. Nyuma yake, bunduki.

"Fundi! Barabara ya Beni iko na batu ba kuvizia. Nataka hii jeep ivae chuma yote. Noki noki, haraka!"

Gérard akazunguka jeep, akagonga gurudumu na muguu.

"Mon commandant, chuma ni nzito. Hii freni ni ndogo. Unipatie freni ya kamiyo, nitatia."

"Nilikuuliza freni? Nilikuuliza chuma."

Tukafanya kazi. Mie nakata karton, machozi inalowanisha karton. Ile tole tulitoa ku tangi ya zamani ya mafuta ya mazutu, nene sawa kidole. Kasika anapiga soudure, na mudomo yake hainyamaze.

Jioni ya mwisho, nikiwa nakusanya vipande vya karton nyuma ya jeep, nikamusikia anamwambia Gérard:

"Patron, tiyo ya kupitisha mafuta ya freni tu. Tukikata ile, ku mutelemuko wa kwanza habari yake imekwisha."

"Rudia ku kazi," Gérard akasema.

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Asubuhi komanda akafika na basoda wengi. Jeep ilikuwa katikati ya kiwanja, nyeusi, mubaya sawa dudu. Nikainama kuokota sindano yangu yenye ilianguka.

Chini ya gurudumu ya mbele, udongo ilikuwa imelowana. Nikagusa. Mafuta ya freni.

Nikapangusa kidole ku nguo yangu.

Nikamutafuta Kasika na macho. Alikuwa ameegemea ku ukuta, jasho inamutoka, na jua haijapanda hata.

Komanda akapiga mikono.

"Balinielezea desturi yenu. Bibi ya fundi anapanda wa kwanza, si vile?" Akanigeukia. "Mama, panda."

Gérard akasema mbio: "Mie njo naendeshaka, mon commandant. Mie na yeye."

"Hapana. Wewe utabakia hapa pembeni yangu. Shofere wangu ataendesha. Mathe! Yaka, kuya hapa!"

Bajukuu, muone vile nilikuwa. Nikisema "freni imekatwa," batatupiga masasi bote palepale, Gérard wa kwanza. Nikikataa kupanda, komanda ataelewa, na ni masasi ileile. Nikipanda, ni kilalo na maji ya Kimemi.

Nikamuangalia bwana yangu. Midomo yake ilikuwa nyeupe sawa unga ya muhogo.

Nikapanda.

Mulango ikafunga. Mule ndani giza, harufu ya chuma ya kuungua. Mathe akawasha moteur.

Mwanzo wa mutelemuko alikuwa anacheka. "Mama, hapa hata sasi haiingie!"

Jeep ikaanza kukimbia. Mathe akakanyaga pedale. Pedale ikaenda mpaka chini, ikabakia kule.

Akakanyaga tena. Tena.

"Mama! Freni!"

"Tia première, gia ya kwanza!"

"Haiingie!"

"Lazimisha! Na uipeleke ku ukingo! Ku udongo, kushoto!"

Gia ikalia sawa nguruwe yenye banachinja. Jeep ikaruka, chuma ikakwaruza ukingo, mawe inapiga tole: kwa! kwa! kwa! Ku kale kadirisha nikaona batu banatawanyika na vikapu vyabo. Nikaona mbao za kilalo zinakuja. Nikaita Bikira Maria na majina yake yote yenye nilijua.

Tukasimama. Magurudumu ya mbele ilikuwa juu ya mbao.

Mathe akashuka, akainama kuangalia chini ya jeep. Kiisha akasema pole pole:

"Mama, hii si kuchoka. Ilikatwa. Na mie njo nilikuwa nalinda hii gari. Kulikucha, nikaenda kunywa chai. Komanda akijua, ataanza na mie."

"Uko wa wapi, mutoto yangu?"

"Beni. Kule Beu. Bibi yangu iko na mimba."

"Basi tuko moja. Sikia. Utasema ni uzito. Fundi alimuambia komanda freni ni ndogo, komanda akakataa kusikia. Kwisha."

Komanda akashuka na miguu, bunduki ku mugongo ya Gérard.

"Kuko nini?"

"Uzito, mon commandant," Mathe akajibu, amesimama wima. "Freni ndogo haiwezi hii chuma. Sawa vile fundi alisema."

Komanda akaangalia Gérard. Akaniangalia mie, damu inanitoka ku kipaji.

Kiisha ule mutu akacheka.

"Ingekuwa ubaya, haungeacha bibi yako aingie ndani. Hapana mutu mwenye anaweza kufanya vile." Akageukia basoda bake: "Mutafute kamiyo, mutoe freni, muleteye fundi."

Bakaleta. Gérard akaingia chini ya jeep, mie nikamushikia taa. Akatoa tiyo ya zamani. Nikaiona. Miye mushonaji, najua kitu yenye imepasuka na kitu yenye imekatwa. Ile ilikatwa safi, na kisu.

"Ni nani?" nikauliza.

Akaifunga mu kitambaa, akaitia mu mufuko. Hakujibu.

Komanda alifika Beni muzima, hakurudia kwetu tena. Nilimuuliza Gérard ile neno mu kitanda, mu shamba, mu njia ya misa. Kila mara ananyamaza. Mie nilikuwa na jibu yangu tayari: Kasika. Aliacha kazi mwezi uleule, akahamia Beni, akafanya biashara ya kakao. Ku ndoa ya Solange alininyooshea mukono. Niliiacha ile mukono yake ikining'inia mbele ya batu bote.

Batoto, fundisho yenye niko nayo ni hii. Ukitengeneza kitu na kasirani, ile kitu haitauliza kama mwenye anaingia ni adui ao ni mama ya batoto bako. Na mutu mwenye unahukumu bila kumuuliza, siku moja utamuhitaji umuombe samahani, na hautamupata.

Maana mwaka uliopita Kasika alikufa. Tulienda ku kilio, kule Beni. Gérard alilia kupita bandugu ba marehemu. Zamani hakumulilia Maliro wake, lakini Kasika alimulilia mpaka bakamushika mikono.

Tulipotoka inje, hasira ikanipanda.

"Baba Solange, unamulilia mutu mwenye alitaka kuniua?"

Akasimama. Akatoa kofia.

"Kasika aliongea tu. Asubuhi ile alinikuta chini ya gari na kisu mu mukono, akapiga magoti, akaniomba nifunge ile tiyo. Nilifikiri komanda hajui desturi yetu. Mama Solange, ni mie nilikata."