Siku Tuliyoziba Bomba la Shule

Nilikuwa nimepanda kutoka Same mjini kumwona mama. Alikuwa akiharisha kwa wiki ya tatu. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, hali ikarudi tena. Nilimkuta uani anaosha mchicha. Maji ya beseni yalinuka choo.

"Mama, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye ndiva. Ulitaka niyatoe wapi?"

Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Lilichimbwa na babu zetu kwa majembe ya mkono, nasi mpaka leo tunalitumia kwa zamu kumwagilia tangawizi na maharage. Niliufuata mfereji kupanda mlima hadi chini ya uzio wa shule ya bweni. Hapo nikaliona bomba jeusi, limefunikwa majani ya migomba kama kitu cha wizi, likimwaga maji ya kijivu yenye povu kwenye mfereji wetu.

Shule ile ina mabwawa matatu ya kusafishia majitaka. Nayajua vizuri, maana mawe yake tuliyabeba sisi wanakijiji vichwani. La kwanza ni la kutuliza tope. La mwisho limepandwa matete ya kuchuja maji kabla hayajaachiwa. Siku hiyo la kwanza lilikuwa limejaa tope mpaka limeota nyasi, na matete yamekauka yote. Badala ya kuzoa tope, wakatandaza bomba, wakayaruka mabwawa yote matatu na kutuletea sisi kinyesi.

Nilirudi nikamchukua mama, tukaenda ofisini. Mkuu wa shule alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akamvutia kiti.

"Marahaba," mama alijibu, akabaki amesimama.

"Tumeshaandika barua wilayani, mama. Mchakato unaendelea. Mvumilie kidogo."

"Na wewe, maji unayokunywa unayatoa wapi?"

Nyuma ya mkuu kulikuwa na katoni ya maji ya chupa.

Tulipokwenda tena tuliambiwa yuko kikaoni, nasi tulikuwa tunamsikia akicheka mle ndani. Kesho yake asubuhi wanawake wa mfereji ule tulipanda na magunia ya udongo, tukaliziba bomba.

Nilijua yale maji yangerudi wapi. Binti wa kaka yangu alikuwa analala kwenye bweni lile. Nilijua, na bado nililishindilia gunia kwa mguu.

Siku ya pili yake alifika nyumbani, viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini.

"Shangazi, vyoo vimefurika mpaka vitandani. Tumelala juu ya madawati darasani. Wanasema ni nyinyi."

"Ni sisi."

"Mlijua kwamba nimo mle?"

Mama ndiye aliyemjibu: "Tulijua." Kisha mama akaingia ndani, nikamsikia analia.

Jioni hiyo hiyo gari la kunyonya majitaka lilipanda kutoka Same. Kuharisha kwa mama hakukulileta; lililetwa na mafuriko ya bwenini. Tope lilizolewa, bomba likang'olewa, matete yakapandwa upya, na kabla mvua hazijaanza maji ya mfereji yakaacha kunuka. Mama alipona. Kwenye mkutano wa wazazi mkuu wa shule akasimama kuishukuru jamii kwa ushirikiano wake. Watu wakapiga makofi! Mimi nilitoka nje, nisije nikasema neno ambalo mama asingependa kulisikia.

Binti wa kaka yangu alikaa muhula mzima bila kunisemesha. Alipofunga shule nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akichambua maharage, akasema, "Nimesikia, shangazi." Hakusema kwamba amenisamehe, wala sikumlazimisha. Maji machafu ningeweza kuyasahau. Lakini yule mkuu wa shule, kwa uvivu wa kuzoa tope, alinifikisha mahali pa kumfurikishia mtoto wetu kinyesi kitandani, na hilo sijaweza kumsamehe.