Celestine Apanda Kabla ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili Celestine alimpiga Shetani bila kupumzika, na Shetani, kwa kadiri watu wa Kombewa walivyoweza kuona, hakurudisha hata kofi moja. Kuku asipotaga, Celestine alikemea pepo. Paa likivuja alikemea, ingawa misumari mitatu ingemaliza kazi. Mumewe Owiti, fundi wa pikipiki kule Kondele, alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, wala hakuonekana kuwa na haraka.

Mwaka huu Celestine akataka vita kubwa zaidi. Katika maboma ya huko, mvua ikianza, mama mkwe ndiye hutangulia kupanda. Mke wa mwanawe akimtangulia, hiyo ni chira, mkosi unaoweza kuua mtu wa boma. Celestine alisema hiyo ni minyororo ya giza. Jumapili akashika maikrofoni kanisani, akamwita mama mkwe wake wakala wa giza, akatangaza kwamba Jumanne atapanda yeye kwanza, na mwenye chira yake ailete. Watu wakarukaruka kwa shangwe. Pasta Calvince akampa chupa ya mafuta ya upako yaliyonuka vitunguu.

Jumanne alipanda shamba lake lote, akiimba kwa nguvu ili mama mkwe, Mama Dorsila, asikie vizuri ng'ambo ya ua. Ajuza akatoka, akatazama, akarudi ndani. Celestine akajua ameshinda.

Jumamosi Mama Dorsila alianguka akitoka kisimani. Homa, kutapika, hata hatambui watu. Celestine alimkumbatia kwa nyuma juu ya bodaboda mpaka hospitalini. Daktari alisema malaria. Celestine alisikia chira. Alijua mbu ni mbu, na mistari ya Biblia ya kujibu hofu alikuwa nayo tele, lakini tumbo lake halikusoma Biblia. Aliamini kabisa kwamba amemuua mama wa watu kwa gorogoro mbili za mbegu. Aliona aibu pia, shujaa wa maombi mzima akiogopa mkosi alioutukana kanisani.

Jumatatu alasiri mgonjwa akafumbua macho, akaitisha chai. Celestine akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye nimekuletea hii ugonjwa. Nilipanda mbele yako."

"Mbele ya nani? Nyar Sondu, msichana wa Sondu wewe, spika ya kanisa yenu inafika mpaka kwa jiko yangu. Nilisikia ukisema Jumanne. Mimi nikapanda Jumatatu alfajiri, nyuma ya nyumba, mahindi kidogo tu. Sikutaka watu waseme mke wa Owiti ameleta chira."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Ningekuharibia ya nini?"

Celestine alitaka kukasirika. Vita yake kubwa kuliko zote, na hata haikupiganwa! Alipofungua mdomo afoke, akalia. Alilia kwa sababu mwanamke aliyemwita wakala wa giza mbele ya kanisa zima ndiye aliyeamka alfajiri na jembe kumlinda yeye.

Simu ikalia. Alikuwa Pasta Calvince.

"Dada, nimesikia adui amelala hospitali! Sasa tusilegee. Jumapili leta jina ya huyo mama kwa karatasi, tuweke chini, kanisa yote ikanyage."

Celestine alimtazama adui, aliyekuwa akipuliza chai yake na kulalamika kwamba haina sukari.

"Pasta, andika jina yangu," akasema. "Hiyo ndiyo mkanyage."

Akakata simu, akaenda kutafuta sukari.