Mdogo Wangu Ndiye Aliyepiga Picha Ile

Habari zenu nyote mnaosoma hapa. Admin, jina langu libaki kwako, na hayo mengine nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi Newala, nina mtoto mmoja wa kike. Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini nikidhani limekwisha. Wiki mbili zilizopita limefumuka upya na usingizi umenipaa.

Marehemu baba yetu alikuwa mpiga picha. Aliacha kamera ya studio, zile kubwa za zamani za mbao, zinasimama kwa miguu mitatu na mpigaji anajifunika kitambaa cheusi. Ile miaka ya shida hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse karatasi za picha. Baba akafunga studio, akafariki, kamera ikabaki stoo inaliwa na panya. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka ya Masasi yakaanza kuleta karatasi na dawa za kusafishia picha. Nikamwambia mume wangu, mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, "Baba Zainabu, hii kamera mimi naifufua." Akacheka, lakini akakubali.

Niliifufua na mdogo wangu Somoe. Mama alifariki Somoe hajaanza shule, mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo kwangu ni mtoto kuliko mdogo. Ilituchukua karibu mwaka. Ule mfuko unaokunjana kati ya lenzi na kioo cha nyuma ulikuwa matundu matupu. Tukashona mwingine kwa vitambaa viwili vyeusi, katikati tukagandisha vipande vya kadibodi. Mara tatu ulikataa kukunjika, wa nne ukakaa. Kile kioo cha nyuma kinachoonyesha sura kabla hujapiga kilikuwa kimevunjika, tukakata cha dirisha na kukisugua kwa mchanga laini na maji mpaka kikawa na ukungu. Fundi seremala wa Kitangari akatuchongea fremu, nami nikashona kitambaa kipya cha kujifunika. Siku ya kujaribu tulijifungia stoo, tukawasha tochi ndani ya mfuko kuangalia kama unavujisha mwanga. Haukuvujisha. Somoe alinikumbatia akalia.

Kazi ikachanganya. Msimu wa korosho watu walitoka mpaka Mkunya na Tandahimba kuja kupiga picha. Mume wangu akashauri kila Jumamosi kamera ipelekwe Masasi kwenye watu wengi. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikabaki. Akawa anakwenda na Somoe, Jumapili wanarudi na boksi la karatasi zilizopigwa, mimi nazisafisha stoo. Waliojua kuitumia kamera ile tulikuwa watatu tu: mimi, yeye na Somoe.

Jumatatu moja nikasafisha negativu ya watu wawili wamekaa. Kwenye negativu cheupe huwa cheusi, kwa hiyo niliona kanzu nyeusi na nyuso nisizozitambua. Nikaitoa picha yenyewe. Natikisa sahani ya dawa, sura zinakuja polepole: mume wangu, kanzu na kofia, amemshika mkono binti mwenye shela na hina. Bwana harusi na bibi harusi.

Mtanishangaa, lakini sikumlilia mume kwanza. Nilijiuliza: yeye yumo kwenye picha, sasa aliyekuwa chini ya kitambaa ni nani?

Nikamwita Somoe. "Ulipiga wewe?"

Akaangalia chini. "Dada, shemeji aliniambia..."

Sikumwacha amalize. Nilimfukuza siku hiyohiyo na furushi lake la nguo. Mume alipoikuta picha mezani hata haya hakuona. "Mama Zainabu, si kila kitu ruksa siku hizi?" Hakumaliza mwezi, akahamia Masasi kwa mkewe, baadaye wakaenda mkoani kwao mume. Yule nilimsahau. Somoe sikuweza. Nilisikia ameolewa Masasi, amefungua studio yake. Kila akituma salamu, nilisema mrudishieni.

Miezi minne iliyopita Zainabu wangu, ambaye naye anaishi Masasi, aliiomba kamera. Mchwa walikuwa wameshaila tena, akasema kuna fundi huko anaweza kuitengeneza. Nikampa kwa furaha. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Masasi kutibiwa macho, nikampitia. Jirani yake akaniambia, "Yuko kwa mama yake mdogo, hapo nyuma tu." Nikaenda. Nikawakuta uani, Zainabu na Somoe, wamekaa kwenye jamvi, kamera katikati yao, wanashona mfuko mpya. Wanacheka. Kumbe ni miaka sita mwanangu anakwenda pale na hajawahi kunitajia.

Somoe akasimama. "Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Niligeuka nikaondoka.

Zainabu akanikimbilia mpaka stendi. "Mama, nisikilize. Baba alimwambia ile karatasi aitenge, usiione. Mama mdogo akaiweka kwenye boksi makusudi. Alishindwa kukwambia kwa mdomo."

"Na wewe miaka sita ulishindwa na nini?" Nikapanda basi.

Jana Zainabu alinipigia simu, kamera imekamilika. Somoe anaomba niende nikae mbele yake, picha ya kwanza anipige mimi. Amesema, "Dada asipokuja, simpigi mtu. Mtaichukua mkairudishe stoo."

Ndugu zangu, kama ni kweli aliiweka makusudi, basi nimemfukuza aliyenifumbua macho, na miaka yote hii nimemkosesha nyumbani kwao. Kama ni uongo, wananizunguka tena, safari hii na mwanangu wa kumzaa yumo. Na hata kama ni kweli, alipiga. Alijifunika kitambaa nilichokishona mimi, akamwangalia mume wangu na bibi harusi wake kwenye kioo tulichokisugua pamoja, akapiga.

Wananingoja Ijumaa. Wenye dada na wadogo, msinitukane, nishaurini. Niende nikakae kwenye kile kiti? Nifanye nini?