Kompyuta Iliyochemka Kwenye Baridi ya Lushoto

Mwezi wa saba Lushoto mafuta ya kupikia huganda ndani ya ndoo, na wanafunzi wangu huja darasani wameficha mikono ndani ya sweta. Kwa hiyo nilipomwambia mume wangu kwamba kompyuta yangu inajizima kwa sababu ya joto, alicheka kwanza. Kisha akaona mimi sicheki.

Nilipanda nayo kutoka Dar es Salaam nilipohamishiwa huku kufundisha fizikia, kabla hatujafahamiana. Aliyeniundia ni kaka yangu. Yeye hupenda kuunda kompyuta kama wengine wanavyopenda mpira, na hii aliiwekea mfumo wa kupozwa kwa maji. Pampu ndogo imekaa juu ya prosesa, ile sehemu inayopiga hesabu zote na kupata moto kuliko nyingine zote. Maji hulibeba joto kupitia bomba moja la mpira hadi kwenye rejeta, feni huyapoza, kisha hurudi kwa mpira wa pili. Ni kama gari tu, isipokuwa mfumo wenyewe umefungwa kiwandani na hauna pa kuongezea maji. Nikitoka shuleni huitumia kutengeneza video za harusi na za kwaya.

Safari hii kazi ilikuwa ya nyumbani. Baba mkwe aliimba besi kwenye kwaya ya usharika tangu ujana wake. Kwaya ilipoalikwa Bungu niliwafuata na kamera, nikarekodi siku nzima. Haikupita muda mrefu akaugua, akafariki. Familia ilipopanga ibada ya kumbukumbu, mama mkwe aliniita sebuleni.

"Ile video ya Bungu unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi itengeneze. Nataka watu wamsikie. Picha ya ukutani haiimbi."

Nikaanza. Kukata na kupanga vipande hakukuwa na shida. Shida ilikuja nilipotaka kuitoa video nzima iwe faili moja, kazi inayoitumikisha prosesa kwa nguvu zake zote. Feni zilivuma, kioo kikawa cheusi, kompyuta ikazimika. Nikaiwasha tena na kufungua programu inayoonyesha joto. Namba zilipanda mbele ya macho yangu, sabini, themanini, tisini na kitu, halafu giza.

"Tuipeleke Tanga kwa fundi," mume wangu alisema. "Niiweke kwenye basi la asubuhi."

"Haiendi Tanga. Kwenye zile kona za Soni itarushwa rushwa, irudi na matatizo mapya."

"Ibada ni Jumapili."

"Najua. Nitaipata sababu."

Sikusema hivyo ili kumtuliza. Joto ni somo ninalolifundisha. Lina mahali linapotoka na mahali linapokwenda, na katikati kuna njia. Kazi yangu ilikuwa kuikagua hiyo njia kipande kwa kipande.

Nilianza na vumbi. Nilifungua ubavu wa kompyuta, nikasafisha rejeta kwa brashi ya rangi, na vumbi jekundu la barabarani likatoka la kutosha. Nikaiwasha. Ikachemka vilevile. Kesho yake nikaitilia shaka grisi inayopakwa kati ya prosesa na pampu ili joto lipite vizuri, kwa sababu ikikaa sana hukauka. Fundi simu wa pale sokoni alikuwa nayo ndani ya bomba la sindano. Nikang'oa pampu, nikafuta grisi ya zamani, nikapaka mpya, nikafunga. Nafuu haikuonekana. Mume wangu akaulizia tena basi la Tanga, lakini mimi nilikuwa na furaha yangu. Sababu mbili nilikuwa nimeshazifuta.

Jumamosi mchana mama mkwe alinikuta nimepiga magoti mbele ya mashine niliyokuwa nimeiwasha.

"Kuna maji humo, nimeambiwa. Maji pamoja na umeme?"

"Ndiyo, Mama. Ila hayakutani."

"Na chumba hiki nakipiga deki kila siku, hakuna aliyenionya!"

Nilimwomba radhi, nikamwomba pia aje ashike. Niliushika mkono wake taratibu, nikamgusisha mpira wa kwanza karibu na pampu.

"Unaunguza," alisema.

"Na huu mwingine?"

"Baridi."

Nikagusa rejeta. Nayo ilikuwa baridi kama sakafu. Hapo nikajua. Maji yangekuwa yanazunguka, mipira yote miwili ingekuwa na uvuguvugu unaokaribiana. Lakini kwenye programu pampu ilionekana inazunguka. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya pampu na mpini wake sikioni. Nilichosikia hakikuwa mvumo wa maji. Kilikuwa kama kokoto zinazosuguana. Pampu ilikuwa imemeza hewa, inazunguka bure.

Sababu ilikuwa wazi mbele yangu. Kaka yangu aliifunga rejeta chini kabisa ili taa zake za rangi zionekane vizuri kupitia kioo cha ubavuni. Pampu ikabaki juu ya vyote. Maji ndani ya mfumo wa namna hii hupungua kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, hewa inashika nafasi yake, na hewa hukimbilia juu.

"Mama, tuigeuze miguu juu."

"Itafanya kazi hivyo?"

"Itafanya. Rejeta itakuwa juu, hewa itahamia huko."

Nilizima, nikachomoa nyaya, tukaipindua polepole. Mama mkwe ana mikono iliyobeba mizigo ya kabichi maisha yake yote, hakutetereka. Tukaiinamisha upande huu na upande ule. Nikarudisha nyaya, nikaiwasha ikiwa vilevile miguu juu. Ikatoa mlio wa mtu anayegugumia maji, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu ikawa kimya kabisa. Kwenye kioo joto lilishuka hadi arobaini na kitu. Niliianzisha video, na hata kazi ilipopamba moto haikuvuka sitini. Video ilipokamilika niliizima kompyuta, nikaisimamisha sawa, nikaihamishia rejeta juu, pale ilipopaswa kuwa tangu mwanzo.

Kabla sijawaonyesha watu wa nje, nilimwonyesha mama mkwe, mume wangu akiwa pembeni yake. Alikaa wima, mikono mapajani. Baba mkwe alipotokea katika mstari wa nyuma, Mama alisogea karibu na kioo. Baada ya ubeti wa pili alimgeukia mwanawe, akasema kitu kwa Kishambaa, mume wangu akaangua kicheko.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Anasema hapo Baba ameingia kabla ya wenzake."

Nikasikiliza tena. Kweli, besi moja ilitangulia. "Naweza kuipunguza isisikike, Mama."

"Usiiguse," alisema. "Ndiyo sauti yake."

Jumapili, ndani ya ukumbi wa kanisa, besi ile ilipotangulia wanakwaya walitazamana, kisha mama mkwe akacheka wa kwanza na ukumbi mzima ukamfuata. Baada ya chakula watu walinijia na flashi zao, kila mmoja akitaka nakala yake, na mwalimu wa kwaya akaniuliza kama siku ile Bungu nilirekodi na nyimbo za mchana.