Ukoko wa Kasigau

Nimechoka kufundisha akiolojia ya zama za kati. Kila muhula nasimama mbele ya darasa hapa Voi, joto limekaza, nusu ya viti vitupu, na kabla sijafuta ubao kuna mmoja ataniuliza, "Mwalimu, hii itatusaidia kupata kazi gani?" Zamani nilikuwa na jibu. Siku hizi nasema tuendelee.

Mwaka huu chuo kilitwambia waziwazi: wakubwa watakuja kukagua, na somo la akiolojia lisipoonyesha kitu kipya litafungwa. Kitu tulikuwa nacho. Tulichimba Kasigau, kwenye shamba ambalo ndovu walishamaliza mahindi yake na mwenyewe hakujali tena nani anachimba nini, tukapata vigae vya vyungu vya kale. Ndani vilikuwa vimeshika ukoko. Ukoko huu huu wa jikoni, chakula kilichoungua mpishi akiwa amegeuka kidogo. Maabara ingeupima, ituambie ni wa karne gani na watu wale walikula nini. Nilifurahi kama mjinga.

Vigae vilitunzwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa huko huko Kasigau, ndiye pekee aliyewahi kunifuata baada ya kipindi kuuliza zaidi. Asubuhi ya ukaguzi nilimkuta amevipanga mezani juu ya kitambaa cheupe. Vinang'aa. Alikuwa amevisugua kwa majivu na kipande cha gunia, ndani na nje, mpaka ukoko wote ukaisha.

Nilikasirika. Nikamuuliza nani alimtuma.

"Hakuna, Mwalimu. Nilidhani ukoko wa kupimwa ulishachukuliwa. Na wageni wanakuja." Akainama. "Kwetu humwekei mgeni chungu kichafu. Na hivi ni vya kina bibi. Wangeaibika."

Nilikaa chini. Miaka yote hii nawasihi wanafunzi wawaone watu wale kama watu, si tarehe za mtihani. Huyu aliwaona, akawaoshea vyombo.

Wakubwa walikuja, wakasifu usafi, wakauliza kitu kipya kiko wapi. Nikasema hakuna. Mkubwa wao akafunga faili, akaniambia pole, na somo likaishia hapo.

Walipotoka, msichana akaanza kuvifunga vigae kimoja kimoja kwa gazeti, taratibu, visigongane.

"Mwalimu, tutarudi Kasigau lini?"

Nikamwambia mvua zikiisha.