Jumatatu Usije Kazini

Siku yangu ya kwanza kwenye gengi la reli, mnyapara alinipa sururu, akanionyesha kipande cha njia, akasema, "Gonga kokoto hapa mpaka nikwambie acha." Hakuniambia niache. Kazi yenyewe ni kusukumia kokoto chini ya mataruma, yaani zile mbao nzito zinazolaliwa na vyuma vya reli, ili treni ikipita njia isizame. Ukiiona kwa mbali utadhani mchezo. Kabla ya saa nne viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na nilikuwa nauma midomo nisilie mbele za watu.

Ndipo jamaa mmoja mrefu akaja, akasimama mbele yangu akicheka. "Wewe si Mnyamwezi? Babu zenu walibeba mizigo mpaka pwani kwa miguu, wewe sururu tu inakuliza? Mpagazi gani wewe!"

"Na wewe Mgogo," nikamjibu, "hukuja hapa kufanya kazi. Umekuja kuomba."

Akaangua kicheko mpaka gengi zima likageuka. Kisha akainyakua ile sururu, akanionyesha namna ya kuiachia iangukie kwa uzito wake badala ya kuisukuma kwa mabega. Huyo ndiye Chidawali. Ninyi vijana mlionitaka niwaeleze kazi ya reli, utani mnausikia tu kwenye arusi, mnadhani ni vichekesho. Kwetu ulikuwa undugu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anakwambia neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha kaburini. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye mwenye makosa.

Kituo chetu kilikuwa mji mdogo wa reli, mashariki ya Manyoni. Stesheni, zahanati, soko, msikiti, kanisa, na tembe za udongo za watu zilizoshuka mpaka karibu na mto. Mto wenyewe kiangazi ni mchanga mtupu, watu wanachimba visima humo humo na ng'ombe wanakunywa. Masika unashuka kwa siku chache umekasirika, halafu unanyamaza. Reli inauvuka kwa daraja la matundu matatu, na pande zote mbili za daraja kuna tuta refu la udongo lililobeba njia. Shikeni hilo la tuta, maana ndilo lililotaka kutuua. Matundu yakiziba, tuta linageuka ukuta, na maji yanarudi nyuma mjini.

Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua gengi letu lilikuwa na kazi moja isiyokosa: kusafisha matundu. Magogo yaliyoletwa na mto yakakwama humo tuliyakata kwa msumeno wa watu wawili, huyu anavuta na yule anavuta. Msumeno huo ulikuwa wangu na Chidawali. Wenzetu walijaribu kututenganisha, haikuwezekana. Tulivuta tukitukanana kwa wimbo, yeye anaanza, mimi namalizia, na kila aliyepita njiani alisimama kusikiliza matusi mapya ya mwaka huo.

Miaka ikaenda. Chidawali akapandishwa akawa mnyapara wa gengi. Mimi nikawa mkagua njia, mtu wa kutembea na spana na nyundo kutafuta bolti zilizolegea. Sikumwonea wivu, naapa kwa Mungu. Nilimwambia tu kwamba sasa tumepata bosi anayeomba kwa mamlaka.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika sokoni, na mkaa ukawa biashara kubwa. Watu wakakata miti juu kule porini, wakachukua matawi ya kuchoma, yale magogo mazito wakayaacha yamelala kwenye mchanga wa mto. Na kwetu reli likaja neno jingine: kupunguzwa. Mkaguzi wa Njia, bosi wetu wa Manyoni, alimwagiza Chidawali apunguze gengi libaki nusu.

Ijumaa moja wenzetu waliitwa mmoja mmoja ofisini kwa stesheni masta. Walitoka nyuso zimewashuka. Mimi sikuitwa, nikajua nimepona. Nilikuwa naosha miguu kwenye tangi la maji Chidawali aliponijia.

"Mpagazi," akasema, "mzigo umekwisha. Jumatatu usije kazini. Shirika limechoka kulisha Wanyamwezi, mnakula sana."

Nikacheka! Nikamwambia, "Mwambie Mkaguzi aje anibebe mgongoni mpaka kwetu Itigi, ndipo niache." Na yeye akacheka, ila aligeuza uso kule kwenye mabehewa. Jioni nilimsimulia mke wangu, Mama Shija, naye akacheka mpaka akaegemea mlango. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile cha watu wawili ndani ya nyumba yao, mwili unanisisimka kwa aibu.

Jumatatu nikasimama kwenye mstari na spana yangu. Mkaguzi mwenyewe alikuja siku hiyo kwa troli, akaita majina. Langu halikuitwa.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Maganga, bwana. Mkagua njia."

"Kwani hukuambiwa?"

Nikamtazama Chidawali. Yeye alikuwa anatazama kokoto.

"Niliambiwa," nikasema.

Mmoja kwenye mstari akacheka, akidhani bado ni utani wetu. Niliweka spana chini, nikarudi nyumbani nikipita katikati ya soko kwa nguo za kazi, saa ambayo mwanamume mwenye kazi haonekani sokoni. Kila mama aliyeniamkia alikuwa ananiuliza kwa macho. Wenzangu walipewa angalau chumba na kiti na mtu wa kuwaambia "pole". Mimi nilichekeshwa.

Mnajua nilifanya kazi gani baada ya hapo? Nilibeba mizigo ya abiria stesheni. Treni ikisimama nakimbilia madirishani, "Mzigo, mama? Mzigo, mzee?" Nikawa mpagazi kweli, kama mtani wangu alivyoniita siku ya kwanza. Chidawali akiniona anapita nyuma ya ofisi.

Mwaka uliofuata matundu ya daraja hayakusafishwa. Gengi la nusu halikutosha hata kwa njia yenyewe. Mvua ikaja kubwa, si ya kawaida, na asubuhi moja mto ukashuka ukiwa umebeba yale magogo yote ya wakata mkaa, na miiba ya maboma ya ng'ombe, na mabua, na mti mmoja mzima na mizizi yake. Vyote vikaja kukwama darajani. Matundu mawili yakaziba kabisa, la tatu likawa linakoroma. Maji yakaanza kurudi nyuma, polepole, yakipanda tembe za mtaa wa chini.

Mji ukajiandaa, lazima niusifu. Kengele ya kanisa ilipigwa ikaendelea kupigwa. Kipaza sauti cha msikiti kikawa kinatangaza nani ahamie wapi. Stesheni masta alifungua mabehewa matupu yaliyokuwa kwenye njia ya pembeni, na wagonjwa wa zahanati wakalazwa humo pamoja na magunia ya mahindi na mbuzi wa watu. Wanawake walibeba watoto mgongoni na karai la vyombo kichwani. Hakuna aliyeuliza wewe ni kabila gani au dini gani. Lakini kila mtu alijua kuhama hakutoshi. Mvua juu kule ilikuwa bado inanyesha, na kama magogo hayatatolewa kabla mawimbi mengine hayajashuka, hakutakuwa na mtaa wa chini wala zahanati.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikaa barazani kwangu. Nyumba yangu ilikuwa mwinukoni.

Chidawali akaja amelowa chapachapa. Akasimama uani, akajaribu kutabasamu. "Mpagazi, kuna mzigo mtoni. Mkubwa. Nimesema huu ni wa Mnyamwezi."

Nikasimama kwa adabu, nikamwambia, "Shikamoo, Mnyapara."

Mngemwona! Alirudi nyuma hatua. Hatukuwahi kupeana shikamoo maisha yetu yote, mtani haamkiwi hivyo. "Usinifanyie hivyo, Maganga," akasema.

"Unataka nini, Mnyapara? Sema kwa maneno ya kawaida."

"Naomba. Sina watu. Msumeno upo, wa kuvuta upande wa pili hayupo. Maji yameshafika ukuta wa zahanati."

Nitawaambia nilichohisi, hata kama ni aibu, maana nimeahidi kuwaeleza kazi ilivyokuwa. Nilifurahi. Nilisema moyoni, yaje. Yaje yabebe daraja na tuta na mnyapara wake, tuone Jumatatu nani ataitwa jina. Nikakaa chini tena.

Mama Shija alitoka ndani amejifunga khanga kiunoni. "Mbona umekaa?" akaniuliza. "Haya, kaa na aibu yako, ibembeleze ilale. Mimi nakwenda kubeba mahindi ya watu." Akapita katikati yetu, akashuka mtaa wa chini kwenye mvua.

Basi nikaenda. Msidhani ni ushujaa. Nilishindwa kukaa.

Wenzangu wote waliopunguzwa niliwakuta huko tayari, wengine na mitaimbo waliyotoka nayo majumbani. Tulifungwa kamba kiunoni tukateremshwa juu ya lile rundo. Kazi ya kutoa magogo ina utaratibu: unatafuta lile gogo mama lililoshika mengine, unalikata, halafu unavutwa juu haraka kabla halijaondoka na wewe. Gogo mama lilikuwa ule mti wa mizizi. Tukauwekea msumeno, Chidawali huku, mimi kule, nyuso zetu zinatazamana, umbali wa mkono na mkono.

Akaanza wimbo. Mstari wake wa kwanza ulikuwa ule ule wa zamani, wa mpagazi aliyeuziwa punda akambeba. Akasubiri nimalizie.

Sikumalizia. Nikavuta msumeno.

Akaanza tena, sauti imepungua. Nikavuta. Mara ya tatu hakujaribu, na tukakata mti ule kimya, watu wawili ambao mji mzima uliwajua kwa kelele. Maji ya mvua yalimshuka usoni, nami sikujali kama yote ni mvua. Mti ulipolia, walituvuta juu, na rundo lote likapita chini ya miguu yetu kwa kishindo kilichotikisa mataruma. Tembe kadhaa za mtaa wa chini ziliyeyuka siku ile, lakini zahanati ilisimama, na hakufa mtu. Watu walitukumbatia. Chidawali alinyoosha mkono, nami nikaupokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. "Asante, Mnyapara."

Baada ya hapo Mkaguzi aliagiza nirudishwe, kwanza kama kibarua, baadaye nikaajiriwa tena. Nilifanya kazi chini ya Chidawali mpaka alipostaafu. Kila asubuhi shikamoo, kila jioni kwaheri Mnyapara. Alinichokoza mwanzoni. Aliniita mpagazi, alisema nimenenepa kwa mlenda wa bure, alimtuma mkewe alete ugali na matusi. Nilijibu kwa heshima. Hakuna aliyeweza kunilaumu, nani analaumu heshima? Nilijua kabisa ninachomfanyia, na nilikuwa nakifanya vizuri kuliko kugonga kokoto.

Kisha nami nikawa mnyapara, ikaja zamu nyingine ya kupunguza watu. Niliwaita mmoja mmoja, nikawaambia usoni, bila mzaha. Kwa wa kwanza ilibidi niombe maji. Kwa wa tatu, kijana niliyempenda, maneno yaliyonijia mdomoni yalikuwa mzaha. Nilitaka acheke ili nisimwone. Niliyameza, nikamwambia ukweli, lakini siku ile nilimwelewa Chidawali pale kwenye tangi la maji. Nilipaswa kwenda kwake jioni ile ile, nisimame uani nimwite ombaomba. Sikwenda. Nilisema nitakwenda nikistaafu. Nikastaafu, nikasema nitakwenda baada ya mavuno.

Waliniletea habari kwamba amefariki. Pale msibani wazee wa Kigogo walinitazama wote, maana mtani ni mimi, na kazi ya mtani inajulikana. Jeneza lilipotolewa nililala njiani mbele ya wabebaji, na magoti yangu haya. Wakasimama. Watu wakaanza kucheka hata kabla sijasema neno.

"Chidawali!" nikaita. "Mzigo umekwisha. Shirika limechoka kulisha Wagogo, mnaomba sana. Jumatatu usije kazini!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, kile cha watu wenye machozi. Mjane wake alicheka mpaka wakamshika. Aliponiinua, akaninong'oneza, "Shemeji, alikuwa anakungoja. Kila ukipita pale barabarani alisema, leo ataingia, leo atanitukana."

Nimewaeleza sururu na mataruma na namna ya kukata gogo mama. Hayo mtayapata hata kwa mtu mwingine. Siku ile makaburini niliuimba ule wimbo wa msumeno, mstari wake na mstari wangu, mwanzo hadi mwisho. Ilibidi niimbe yote miwili.